Wanaharakati wa korosho Mtwara tumemkana mshirika wetu kwa maneno ya kibaguzi: niliyeandika barua nipo hapa, ulizeni

#1 Mwana wa Kitangari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Klipu najua imeshawafikia. Shangazi yangu aliyeko Mbagala ameipata kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao, akanipigia kuuliza, "Hao ndio watu unaohangaika nao?" Ndio hao, shangazi. Na barua ya kumkana yule bwana, mimi ni mmoja wa walioiandika, kwa hiyo nimeona nije mwenyewe kuliko kusubiri kusemewa.

Kwa wasiotujua: sisi ni wakulima na vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi tunaofuatilia mambo ya korosho. Ofisi hatuna. Kazi yetu kubwa ni kusoma karatasi. Katalogi ya mnada, hati ya malipo, muhtasari wa mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Tukishasoma tunawaeleza wenzetu kwa nini bei iliyotangazwa mnadani si ile iliyoingia benki.

Huyo bwana si mwanachama. Simtaji jina, na naomba nanyi msimtaje. Ni mzaliwa wa huku anayeishi Dar, ana wafuasi wengi mtandaoni, na ametusaidia sana. Msimu ambao salfa, dawa ya mikorosho, ilichelewa alipiga kelele mpaka ikasikika. Wawakilishi wetu walipotakiwa Dodoma, nauli alichanga yeye. Hayo sikatai hata moja.

Sasa, mkutano wa hadhara. Mnada ulikuwa umepita, bei imeshuka kuliko mnada uliotangulia, watu wamekuja na hasira zao. Akapewa kipaza sauti azungumzie makato. Mwanzo alisema vizuri tu. Halafu akayaacha makato akaingia kwa watu. Mhindi ni mnyonyaji wa kuzaliwa, akasema. Hata akae nchi hii vizazi kumi, damu yake inajua kuiba tu. Maduka yao mjini yatiwe alama, watu wayajue. Makofi. Na hawa vibarua wa ng'ambo ya Ruvuma, akaendelea, ndio wanaoiba korosho mashambani, warudishwe kwao, "hata sura zao zinajieleza". Hapo makofi yalipungua, maana nusu ya waliokaa pale wana bibi au mjomba Mueda, huko Msumbiji.

Usiku tulikaa, asubuhi barua ikatoka. Sehemu yenyewe ni hii:

"Maneno yaliyosemwa juu ya Wahindi na juu ya ndugu wa Msumbiji si msimamo wetu na hatutayatetea. Tunachodai ni hesabu ya makato ya mkulima. Hatumdai mtu kwa sababu ya asili yake, rangi yake au upande wa mto aliozaliwa. Mzungumzaji hatapewa tena jukwaa letu mpaka ayafute maneno hayo hadharani, kama alivyoyasema hadharani."

Tangu hapo simu haipoi. Tumemsaliti. Tumehongwa. Tungemwita pembeni. Haya, karibuni.

#2 Chikongola Ndogo

Mmehongwa.

#3 Fundi Baiskeli

Nimekaa paleee na bakuli la korosho za kukaanga.

#4 Mti Mkavu

Mleta uzi, nakupinga kwa heshima kwa sababu nakuona una nia njema.

Kwanza, wanunuzi wakubwa ni akina nani? Korosho yetu ghafi inapakiwa bandarini Mtwara inakwenda India na Vietnam. Huo si uzushi wa mtu. Mwaka 2018 msimu ulipofunguliwa, walikuja na bei za kati ya 1,900 na 2,700 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia tuliuza mpaka 4,000 na kitu. Wakulima wakagoma. Ikabidi Magufuli mwenyewe aingilie mwezi wa 11, serikali inunue kwa 3,300, na magari ya jeshi yaje kusomba. Kwani wale waliokuwa wanatupangia bei ya kutupa walikuwa Wangoni?

Pili, mtu mzima huitwa chemba. Mmemwanika ndugu yenu mbele ya watu, na walioshangilia ni wale wale waliokuwa wanasubiri kikundi chenu kife. Mkimpoteza yeye, nani atawasikia huko Dar? Wewe na katalogi zako?

Tatu, mkulima aliyekopa sare ya mtoto hana muda wa kuchagua maneno. Ana hasira. Anaona gari la nani linapita.

#5 Dada wa Ghalani

Mti Mkavu umesema kweli kuhusu 2018, ila umeisahau nusu. Mimi nilikuwa naandika tiketi ghalani msimu ule. Serikali iliposema itanunua, ilitangulia kuhakiki mashamba, mtu aonyeshe mikorosho yake. Unajua waliokimbia uhakiki ni akina nani? Akina kangomba, wanaonunua korosho kwa mkulima kichochoroni kwa bei ya kutupa. Na kangomba wa kijijini kwetu jina lake halikuwa Patel. Ni watu tunaokaa nao msibani.

#6 Mwana wa Kitangari

Dada wa Ghalani kanitangulia, lakini nimjibu Mti Mkavu kwa kirefu, maana hoja yake ndiyo hasa tuliyobishana nayo usiku ule.

Ya 2018 ni kweli tupu. Bei ilikuwa ya dharau na kugoma ilikuwa haki yetu. Ila jiulize: tuligoma tukiwa tumeshika nini? Tulishika karatasi ya mnada. Kampuni fulani imeandika bei fulani kwa tani kadhaa kwenye ghala fulani. Kampuni ina jina, ina leseni ya Bodi ya Korosho, ina anwani. Ukishuku kwamba wanunuzi wamepanga bei, unapeleka minada mitatu ikiwa imepangwa pamoja, unaonyesha jinsi zabuni zinavyofuatana, na mtu anaitwa kujieleza. "Mhindi" utamwita ofisi gani ajieleze? Leo mnada unakwenda kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na wanaoweka zabuni ni Wahindi, Wavietnam na Watanzania weusi kama mimi. Kwenye skrini hakuna rangi, kuna namba. Namba ndiyo inayotuumiza na ndiyo tunayoweza kuikamata.

Sasa twende kwenye makato. Bei ya mnadani ikishatangazwa, kabla haijafika kwako inapita kwa watu. Ushuru wa halmashauri, asilimia 3. AMCOS inachukua chake, chama kikuu chake, mwendesha ghala chake, usafiri kutoka kijijini mpaka ghala kuu, gunia. Halafu kuna upungufu wa uzito, ule unaoambiwa "korosho imenyauka ghalani". Inanyauka kweli, korosho ina unyevu. Lakini kuna AMCOS moja, siitaji, ambako zao la katibu lilikuwa halinyauki.

Juu ya yote kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kinachozidi. Mnunuzi anaulipa bandarini, lakini ameshaupigia hesabu kabla hajaandika bei mnadani, kwa hiyo anayeubeba ni mwenye mkorosho. Zamani asilimia 65 ya fedha ile ilikuwa inarudi kwenye zao: salfa, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa Bungeni, fedha yote ikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Uamuzi ule ulitugharimu kuliko mnada wowote mbaya ninaoukumbuka, na haukufanyiwa nyuma ya kaunta ya duka la Mhindi.

Ndiyo maana hatukuweza kunyamaza. Si adabu tu, ingawa adabu nayo ipo. Yule bwana aliposema "damu ya Mhindi", pale mbele walikuwepo viongozi wawili wa AMCOS tuliokuwa tumewaandikia barua ya kudai hesabu. Wao ndio waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Niliwatazama. Tulikuwa tumewabana kwenye kona, akawafungulia mlango.

Kumwita chemba? Tulimpigia usiku ule ule. Alisema hafuti neno.

#7 Mti Mkavu

Hapo kwenye simu hukusema mwanzo. Sawa. Lakini bado.

#8 Mzee wa Nachingwea

Wanangu, mimi si mwandishi, mjukuu ndiye ananichapia. Nawasoma na nacheka kidogo, maana jambo hili limeshapita hapa kwetu, na lilipita na bunduki.

Nimezaliwa Nachingwea. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipopewa kambi yao kwetu nilikuwa kijana mdogo. Tuliwaona wakishuka kwenye malori, wengi wao Wamakonde wenzetu wa ng'ambo, wakifunzwa kisha wanarudi kuvuka Ruvuma. Hospitali yao ilikuwa Mtwara. Basi vita ilipofika mwaka 1968, ndani ya chama chao ukazuka ugomvi: mzungu anaweza kuwa mwenzetu? Walikuwepo weupe walioukimbia utawala wa Wareno wakaja kufundisha shule ya Frelimo Dar es Salaam. Padre mmoja, Gwenjere, akawachochea wanafunzi wawakatae walimu weupe, shule ikavurugika mpaka ikafungwa. Mke wa Mondlane, kiongozi mkuu wa Frelimo, Janet, alikuwa Mmarekani mweupe, naye hakusalimika na maneno.

Mondlane alishika msimamo wake: adui ni ukoloni wa Kireno, si ngozi ya Mreno. Upande wa pili aliyesimama na wale wa ngozi ni Lázaro Nkavandame, mkubwa wa Frelimo wa jimbo la Cabo Delgado, Mmakonde, mtu aliyependwa sana. Huyo ndiye aliyekuwa anasimamia biashara na ushirika kwenye maeneo yaliyokombolewa. Wananchi walikuwa wanamlalamikia kwamba biashara ile inamnufaisha yeye na watu wake, mkulima anaumia. Mnaona sasa? Aliyeulizwa hesabu ya ushirika ndiye aliyekuwa anapiga kelele za wazungu.

Februari 1969 Mondlane akauawa kwa bomu la kwenye kifurushi pale Dar es Salaam. Haikupita miezi mingi, Nkavandame akavuka akajisalimisha kwa nani? Kwa Wareno. Akatumika redioni kuwaambia Wamakonde waweke silaha chini.

Vijana wa korosho wamefanya vizuri. Ningekuwa na nguvu ningekuja mkutanoni.

#9 Fundi Baiskeli

Shikamoo mzee. Bakuli nimeliweka chini.

#10 Mwera wa Rutamba

Shikamoo mzee wetu.

Niongeze la TANU, maana ni lile lile. Mwaka 1958 pale Tabora TANU ilikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, kila mpigakura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake cha Afrika kwa Waafrika tu. Alikuwa mpigania uhuru wa kweli, hakuna anayemnyang'anya hilo. Akaachwa aende. Mwaka 1962 akagombea urais na Nyerere akapata kura chini ya asilimia 2. Na katikati hapo, Oktoba 1961, wajumbe wa TANU wenyewe walipotaka uraia uwe kwa rangi, Nyerere akawaambia serikali yake iko tayari kujiuzulu. Watu wa chama chake mwenyewe, wiki chache kabla ya uhuru.

#11 Mti Mkavu

Nyerere huyo huyo mwaka 1971 alitaifisha majumba, na tunajua majumba mengi yalikuwa ya nani. Wahindi wengi waliondoka. Msichague Nyerere mnayemtaka.

#12 Mwera wa Rutamba

Haki yako, na waliopoteza nyumba wana la kusema. Ila sheria ile ilitaja thamani ya jengo na kwamba limepangishwa. Haikutaja kabila la mwenye nalo. Unaweza kuipinga ukaishinda kwa hoja. "Damu ya wizi" utaishinda kwa hoja gani?

#13 Duka la Kona Lindi

Nilikuwa nasoma tu, lakini naona mnatuzungumzia kama mvua, kwamba wapo, wanapita, wanaharibu. Mimi ni Mhindi wa Lindi. Babu yangu kazikwa Lindi, mimi nimezaliwa hospitali ya Sokoine hapa hapa, Kiswahili ndicho ninachogombana nacho na mume wangu. Sijawahi kununua gunia moja la korosho. Nauza madaftari, sabuni na betri.

Nitawaambia mawili, moja hamtalipenda na jingine jamaa zangu hawatalipenda.

La jamaa zangu kwanza. Ubaguzi tunao ndani ya nyumba zetu. Kuna wazee wetu ambao msichana wa kazi amekaa nao miaka mingi na hawajui jina la ukoo wake. Kuna harusi ambazo hazikufanyika kwa sababu ya rangi ya bwana harusi. Mtu akinisema kwa hilo namsikiliza, maana ananisema kwa nililotenda.

La kwenu: barua yenu nzuri, lakini imeruka jambo kubwa. Yule bwana hakutukana tu. Alisema maduka yatiwe alama. Lile ni agizo. Kesho yake mume wangu alifunga saa kumi, na jirani yetu mmoja, Mswahili mwenzenu, alikuja kukaa na sisi barazani mpaka usiku bila kusema kwa nini amekuja. Barua inasema "maneno". Andikeni kwamba mtu aliitisha watu wawadhuru wengine, na kwamba nyie mtasimama mbele ya duka kama ikibidi. Hapo nitaamini.

#14 Chikongola Ndogo

Kumbe mpo humu.

#15 Duka la Kona Lindi

Tupo. Na madaftari ya mwanao yalitoka kwangu, nina hakika ya nusu kwa nusu.

#16 Mwana wa Kitangari

Dada, umesema neno la haki na sina la kulipinga. Nimelipeleka kwenye kundi letu sasa hivi, nitarudi na jibu. Wasimamizi, naomba Chikongola Ndogo aachwe aendelee kuonekana, asifutwe.

#17 Karani wa Mahakama

Kisheria tuwekane sawa, kwa sababu kuna mtu ananiuliza pembeni kama ashtaki.

Katiba ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inautafsiri kabisa: utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, rangi, dini. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vifungu vya 17 na 18, inayogusa kusambaza maudhui ya kibaguzi kwa mtandao na kumtusi mtu kwa sababu ya asili yake. Kwa hiyo kila anayeisambaza ile klipu huku anacheka, naye ajitazame.

Lakini nawashauri kikundi msikimbilie polisi kwa haraka. Sheria ile ile ina vifungu vingine ambavyo wanaharakati wamekuwa wakikamatwa navyo. Leo umemfungulia mwenzako, kesho umeandika kwamba katibu fulani kala fedha, unaambiwa umetoa taarifa za uongo. La maduka kutiwa alama ni zito zaidi, hilo mkaliripoti kwa maandishi likae kwenye kumbukumbu. Mengine myamalize kwa msimamo wenu.

#18 Kibarua wa Kitaya

Mnajadili Wahindi kurasa nzima, vibarua wa ng'ambo wamepata mstari mmoja. Niwasemee.

Mimi naishi kando ya mto. Oktoba 2020 kijiji chetu kilivamiwa na watu kutoka ng'ambo, watu walikufa, nyumba zilichomwa. Kama kuna mtu nchi hii ana sababu ya kumchukia mtu wa Cabo Delgado ni mimi. Na nasema yule bwana kakosea vibaya. Waliotuvamia ndio hao hao waliowafukuza wenzetu makwao tangu 2017, wakachoma Palma mwaka 2021. Anayekuja kuokota korosho kwangu kwa ujira wa debe ni yule aliyekimbia, ana watoto, hana karatasi, na ndiyo maana ujira wake anaweza kudhulumiwa na asiende popote kulalamika. Korosho zikipotea, wa kwanza kutiliwa shaka ni yeye. Zikipatikana kwa mtoto wa mwenye shamba, kimya.

"Sura zao zinajieleza." Sura ipi? Bibi yangu alikuwa na ndonya na chale usoni, kazaliwa upande wa pili wa mto. Mimi nikifika Kariakoo wananiuliza kama ni kweli kwetu tunakula panya. Wamakonde waliokwenda kukata mkonge Kenya walikaa huko vizazi bila vitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai, ndipo mwaka uliofuata wakaandikwa kabila la 43. Walikuwa wanaitwa wageni na watu waliozaliwa baada yao. Huyo bwana wetu, kama angezaliwa Kwale, angekuwa mmoja wao.

#19 Fundi Baiskeli

Hii ya Kitaya imenikalisha vizuri. Asante ndugu.

#20 Mti Mkavu

Kibarua, pole sana kwa yaliyowapata, na kwa vibarua nimekuelewa, yale maneno siyatetei. Sikuyatetea toka mwanzo, nilikuwa natetea yale ya wanunuzi.

Ila bado nina swali moja kwa mleta uzi na naomba asilizunguke. 2013 tulipodai gesi isitoke Mtwara bila sisi kunufaika, tuliambiwa tunataka kuigawa nchi, jeshi likaletwa, watu wakapigwa. Bomba likajengwa mpaka Dar. Tulikuwa na haki na bado tukaitwa wabaguzi. Sasa nyie mkijitangaza kwamba kati yenu kulikuwa na mbaguzi, hamuoni mnawapa wakubwa neno la kutupiga nalo? Kesho tukidai kitu, wataitoa barua yenu.

#21 Mwera wa Rutamba

Hapo Mti Mkavu kauliza swali la kweli. Mimi mwenyewe 2013 nilikuwa Mtwara mjini na sijasahau.

#22 Mwana wa Kitangari

Nalo nalijibu bila kuzunguka.

Ndiyo, wataitumia. Wameshaanza: mwenyekiti mmoja ameisoma barua yetu kwenye mkutano wake akasema "mmeona, hata wao wanakiri". Inauma. Lakini bila barua angekuwa na klipu, na klipu ina makofi. Akiwa na klipu peke yake, kila tutakapodai hesabu atabonyeza kitufe watu wasikie damu ya Mhindi, na hesabu itakufa hapo. Akiwa na vyote viwili, mtu yeyote anaweza kumuuliza: sawa, wamemkana, hesabu iko wapi?

2013 tuliitwa majina kwa jambo ambalo hatukulisema. Tulikuwa tunadai gesi, basi. Wengine walisema ovyo juu ya watu wa bara na hakuna aliyewakana, kwa sababu hapakuwa na wa kukana, kila mtu alikuwa kivyake barabarani. Nilikuwa kidato cha nne, nakumbuka. Safari hii tupo, tuna kikao, tuna kalamu.

Kuna mtu atakuja kunitajia Mchungaji Mtikila, Mungu amrehemu, kwa hiyo nimtaje mwenyewe. Alipigania mgombea binafsi kuanzia mahakama zetu mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, na mwaka 2013 akashinda. Hakuna mwanasiasa wa upinzani asiyemdai shukrani. Na ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwaita Wahindi magabacholi majukwaani miaka ya 1990 mwanzoni, watu wakatoka pale wakarusha mawe kwenye magari na maduka. Mgombea binafsi bado hatuna mpaka leo. Magabacholi kila mtu analikumbuka.

Nawashukuru waliokuja na hoja, na hata Chikongola Ndogo.

#23 Chikongola Ndogo

Mimi nimesema mmehongwa na sijajibiwa.

#24 Mwana wa Kitangari

Hatujahongwa. Nauli ya kwenda kupeleka barua kwa wanahabari nilikopa kwa shemeji yangu, muulize, ananidai kwa sauti.

#25 Mwana wa Kitangari

Wakuu, marejesho ya leo.

Yule bwana ametoa maneno kwenye ukurasa wake. Anasema "kama kuna aliyekwazika basi anisamehe", na kwamba tunamuonea wivu. Tumekaa, tumesema hapana. Hakuna "kama" hapo. Sharti letu liko pale pale.

La pili, tumetoa nyongeza ya barua kama alivyodai dada wa Lindi. Inasema wazi kwamba kuitisha maduka yatiwe alama ni kuitisha madhara kwa watu, kwamba tumeliripoti kwa maandishi, na kwamba mwanachama wetu yeyote atakayeonekana akishiriki hana nafasi kwetu. Wenzetu walioko mjini wamekwenda kujitambulisha kwa wenye maduka. Wengine walipokelewa kwa chai, wengine waliangaliwa tu kwa mashaka, na sikuwalaumu.

La tatu, vibarua. Kitaya alitupiga pazuri. Tumekubaliana msimu ujao tukusanye pia taarifa za ujira wa waokotaji, wa huku na wa ng'ambo, pamoja na zile za makato. Namna gani tutazikusanya bila kuwaweka hatarini wasio na karatasi, bado tunabishana. Karani, kama una ushauri, njoo faragha.

Wafuasi tumepoteza, na mchango wa nauli umekwenda naye. Mkutano wa wanachama uko palepale, na ajenda ni ile ile ya mwanzo.

#26 Duka la Kona Lindi

Nimeisoma nyongeza. Sawa. Mume wangu kaisoma mara mbili, akaniuliza barua ile ya ushuru wa halmashauri ya maduka mnaandika lini.

#27 Mwana wa Kitangari

Haha, ajiunge foleni, dada.

#28 Mti Mkavu

Mimi sijakubaliana na kila kitu, muelewe hivyo. Ila nina hati yangu ya malipo ya mnada wa pili hapa mkononi. Kilo nilizopeleka na kilo zilizolipwa zimepishana, na kuna kato moja limeandikwa "mengineyo". Nimemuuliza katibu, kaniambia niwaulize Wahindi.

Naituma wapi?

#29 Mwana wa Kitangari

Tuma faragha, mkuu. Piga picha mbele na nyuma, uzibe namba ya akaunti. Na tiketi ya ghalani uliyopewa siku ya kupima, kama bado unayo, hiyo ndiyo muhimu kuliko zote.

#30 Dada wa Ghalani

Na aangalie sahihi ya mpimaji ipo au haipo.